Sarafu Saba Zisizo na Meno

Sonara alikuwa anavuta mlango wa duka jioni ile, kwapani ana nepi alizoagizwa na mkewe, bibi mmoja alipoingia bila hodi. Akafungua kitambaa mezani. Sarafu saba za fedha, kongwe, sura zake zimelika.

"Nitobolee, nizivae shingoni," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini usizipunguze."

Sonara alipitisha kidole ukingoni. Laini. Zilikuwa za enzi zile watu walipokuwa wakikwangua sarafu kidogo kidogo na kuzirudisha sokoni kama nzima, mpaka wafalme wakaamuru zitiwe meno pembeni ili mwizi aumbuke. Hizi hazikuwa na meno.

Nani angejua?

Bibi alipotoka, akaipiga tupa sarafu ya kwanza. Kwaruu... kwaruu... Unga akaumimina koponi. Kesho yake, ya pili. Haba na haba, alijiambia.

Siku ya tatu mkewe alirudi kutoka kliniki macho mekundu.

"Mtoto anapungua, mume wangu. Ananyonya, hana homa. Nesi kampima mara tatu."

"Mizani yao mibovu," alisema sonara, na jioni akaipiga tupa sarafu ya tatu.

Alfajiri akagutuka.

Kwaruu...

Sauti ilitoka kitandani kwa mtoto.

Akainama. Harufu ya fedha iliyosuguliwa ikampanda puani. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Ukingo wa sikio lake ulikuwa umelainika, mwekundu. Na kwenye shuka, unga unaong'aa.

Alikimbia dukani pekupeku. Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi. Sonara akafungua, akamtolea kopo na sarafu.

"Nimekosa, bibi. Unga wote huu hapa. Sijauza hata chembe."

Bibi alilowesha kidole kwa ulimi, akachovya ungani, akazungusha ukingoni mwa kila sarafu iliyokwanguliwa. Fedha ikashika, kama vile haikuwahi kutoka. Kisha akazipapasa zote saba, taratibu, kama anayepapasa vichwa vya watoto.

"Huyu alikuwa na masikio makubwa," alinong'ona, akiinua moja. "Watu wamemkwangua mpaka simjui tena."

"Na wangu... atapona?"

"Wako umemuwahi."

Wiki ile mtoto akaanza kunenepa. Sikio tu lilibaki vile vile. Mkewe alilaumu panya, na sonara akaacha iwe panya.

Mwezi haukuisha. Jioni moja alimwona bibi ng'ambo ya barabara, kitambaa mkononi, akiingia kwa yule sonara kijana ambaye mkewe alikuwa amejifungua mapacha juzi tu.

Sonara akasimama. Akafika mlangoni. Angemwambia nini? Na kijana angeuliza: wewe umejuaje?

"Unamwangalia nani?" mkewe aliuliza, mtoto mgongoni.

"Hamna mtu."

Akarudi kitini. Barabara ilipotulia, akaisikia tupa ya jirani ikianza kazi, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayedhani yuko peke yake.

Hakuinuka.