Breki ya Katambuga

Mwamini aliishi Misugusugu, pale uchochoro unapoteremka hadi barabara kuu ya Morogoro. Jumamosi moja asubuhi alifunga mfuko wa mahindi kwenye keria ya baiskeli ya mumewe. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Kwenda mashineni hakuweza tena.

“Nenda, Swaumu. Usicheze njiani.”

“Sichezi, mama. Hii baiskeli ndiyo inanichezea mimi!”

Mwamini alicheka. Swaumu alikuwa na miaka kumi. Kiti hakukifikia, hivyo alipitisha mguu ndani ya fremu, akaendesha huku amejipinda. Breki hazikuwapo. Baba yake, Salumu, alizing’oa zilipochakaa. Akitaka kusimama, alikandamiza tairi kwa katambuga yake, ndala nene ya mpira wa gari. “Breki yangu mimi haiishi!” alijisifu.

Punde Mwamini alisikia honi, kisha kishindo. Alikimbia huku ameshika tumbo. Swaumu alikuwa chini, mahindi yametapakaa kwenye lami. Dereva wa pikapu alikuwa amechuchumaa kando yake.

“Katokea ghafla, mama! Nimemwona keshafika barabarani!”

Zahanatini, muuguzi Mama Adventina aliufunga mkono uliovunjika. Salumu aliingia akihema.

“Mtoto mtundu huyu! Baiskeli asiiguse tena.”

“Baba, nani ataenda mashineni?” Swaumu alilia. “Mama na tumbo lile?”

Mama Adventina aliinua kichwa. “Baba Swaumu, huyu ni mtoto wa nne mwaka huu kutoka mdomo wa uchochoro ule ule. Wote wanne watundu?”

Akainyooshea kidole katambuga ya Salumu, breki iliyojulikana mtaa mzima.

“Mguu wako wewe unafika kwenye tairi. Wa mwanao umo ndani ya fremu. Angesimama na nini, na mzigo unamsukuma mteremkoni?”

“Na minyaa yetu,” Mwamini alisema polepole. Ua ule wa kando ya uchochoro aliuotesha mwenyewe. Aliuacha urefuke ili wapita njia wasimchungulie jikoni. “Mtoto haoni gari. Dereva naye hamwoni mtoto.”

“Hapo umesema, mwanangu,” Mama Adventina alimjibu. “Kosa si la mtoto peke yake.”

Jioni ile ile Mwamini alimpa mumewe panga. Salumu alikata minyaa hadi usawa wa kiuno. Akafunga breki mpya, mbele na nyuma. Balozi wa nyumba kumi aliita majirani. Wakalaza gogo mdomoni mwa uchochoro, wakaacha upenyo wa kupitisha baiskeli inayokokotwa tu.

“Hata mimi mtu mzima nishuke?” Salumu alinung’unika.

“Hata wewe, mwenye breki isiyoisha,” Mwamini alijibu. Majirani wakaangua kicheko.

Mpaka mkono ulipopona, Salumu mwenyewe alikwenda mashineni. Kisha Swaumu alirudia kazi yake, kwa sharti moja: aikokote baiskeli mpaka miguu itakapofika kwenye pedali akiwa amekaa kitini.

Siku ya kwanza Mwamini alisimama uani, mtoto mchanga mgongoni, akitazama juu ya minyaa. Swaumu alifika kwenye gogo, akasimama. Alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Lori la mkaa lilikuwa likija. Alilisubiri.

Dereva alipunguza mwendo, akampungia mkono. Alikuwa amemwona tangu mbali.