Mbuni Aliyejazwa Pamba

Mdomo wa Mbuni ulikuwa umelowa.

Mjane aliupangusa kwa kidole, akajiambia ni unyevu wa mvua. Lakini dirisha lilikuwa limefungwa, na shingo ya kitambaa ilikuwa kavu.

Enzi zile watoto wa mtaa mzima waliacha mpira jioni wakakimbilia televisheni, kumwona Mbuni akigombana na Kobe. Sauti ilikuwa ya mumewe, na shingo ile ndefu ilikuwa mkono wake. Vikaragosi wote aliwashona mjane mwenyewe, fundi cherehani. Kila baada ya kurekodi, mume aliwageuza ndani nje kabla ya kuwatundika.

"Usiwaache na sura, mke wangu. Ndani hamna mtu, asije akaingia mwingine." Alicheka, lakini aliwageuza.

Baada ya mazishi ya mumewe, mjane hakuvumilia kumwona Mbuni ananing'inia kama soksi chafu. Akamrudisha sura, akamjaza pamba, akamshona chini, akamkalisha kando ya cherehani. Kisha akanong'ona, "Sema basi, hata kidogo."

Mbuni akasema, kwa sauti ya mumewe.

"Na wewe umeoga leo, au umenawa pua tu?"

Mjane alicheka hadi akalia. Alijua wafu hawarudi. Alifundishwa hivyo tangu mdogo na aliamini. Hata hivyo, adhana ilipokaribia alianza kufunga madirisha, kwa sababu Mbuni alinyamaza akiisikia.

"Mama, unaongea na nani?" binti yake aliuliza kutoka jikoni.

"Redio."

"Redio ipi? Ile imekufa kitambo, mama yangu."

Siku zilivyosonga chumba kikaanza kunuka manyoya yaliyoungua, na mchana mmoja, mjane akiwa ameinama anapitisha uzi kwenye sindano, ile sauti ya mumewe, yenye kikohozi chake kabisa, ikashuka ikawa nzito na ya karibu mno, kama ya mtu aliyelaza kidevu begani kwake, ikasema, "Pamba inaniwasha. Nataka mkono. Wa mjukuu utanitosha vizuri."

Sindano ikamdondoka.

Shehe alikuja jioni ileile. Alimtazama Mbuni, kisha akamgeukia mjane kwa upole.

"Mama, huyu aliyemo ndani aliingia mwenyewe au aliitwa? Akiitwa, aliyemwita ndiye amfukuze kwa kinywa chake. Kisomo changu peke yake hakitatosha."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni. Mjane aliona uso wake, uso wa mtu anayemwamini mamaye. Akaona aibu kukiri.

"Hakuitwa, shehe," akasema polepole. "Nani amwite?"

Shehe akasoma. Mjane akafumua mshono, na pamba ikatoka nyeusi, ya moto. Waliichoma uani pamoja na kitambaa. Harufu ikaisha. Shehe akaaga, na binti akamkumbatia mama yake, akasema, "Pole, mama. Yamepita."

Wakaswali pamoja sebuleni, mjukuu akitambaa mbele ya mikeka. Mjane aliomba msamaha kwa kila kitu isipokuwa lile neno moja la kumwita, maana hata sijdani lilimshinda kutamka. Alipoketi, akaweka mikono mapajani.

Mkono wa kulia haukutulia. Vidole vinne vikajibana, dole gumba likajipanga chini yake, vikafunguka, vikajifumba kama mdomo. Kisha mkono ukainuka wenyewe kuanzia kiwikoni, ukapinda kifundo chake, ukageuka taratibu kumtazama mtoto.