Bei ya Bango na Bei ya Kaunta

Mama Nafuu alikuwa fundi wa nguo. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu hakununua hata sindano bila kuuliza bei katika maduka matatu. Mumewe alikuwa fundi wa viatu. Walifanya kazi katika chumba kimoja, mke dirishani, mume mlangoni, na kutwa walitaniana.

"Hata mimi sijui ulinipataje," mume alisema.

"Ulikuwa wa mwisho kwenye rafu. Nikapewa bei poa."

Juma lile Mama Nafuu alipata bahati. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alitaka fundi wa kushona sare. Alisema, "Nionyeshe sare moja ya mfano Ijumaa. Nisipoiona, nitampa kazi mwingine."

Cherehani cha zamani kilikuwa kikikata uzi kila mara. Mama Nafuu alikuwa ameweka akiba ya kununua kipya. Kando yake aliweka fedha za kitambaa.

Akaenda mjini. Nje ya duka moja kubwa aliona bango lenye maandishi mekundu: CHEREHANI ELFU TISINI TU! Chini yake palikuwa na maandishi mengine, madogo kama mayai ya chawa. Hayo hakuyaona. Aliingia mbiombio.

"Elfu mia na ishirini, mama," keshia alisema.

"Si bango linasema tisini?"

"Leo unalipa mia na ishirini. Baadaye kampuni inakurudishia thelathini. Hilo ndilo rejesho."

Watu kwenye foleni walianza kukohoa. Mama Nafuu aliona haya. Akachomoa fedha za kitambaa, akalipa. Alijiambia, "Si zitarudi kesho tu?"

Nyumbani mumewe alikishangilia cherehani. Alilishangilia boksi zaidi. "Boksi gumu namna hii halitupwi!" Katika nyumba ile hakikutupwa kitu.

Kesho yake mchana, Mama Nafuu aliigeuza risiti. Nyuma paliandikwa: ili upate rejesho, tuma risiti pamoja na lebo iliyo chini ya boksi, kisha usubiri miezi miwili.

"Baba watoto, boksi liko wapi?"

Mume alikuna kichwa. "Liko kazini."

"Kazini wapi?"

"Nimelikata soli za ndani. Kile kipande cha lebo nimemwekea tarishi, kiatu cha kushoto. Kaja kukichukua asubuhi."

Mama Nafuu alitaka kulia, akajikuta anacheka. "Elfu thelathini zangu zinatembea mjini!" Kisha kicheko kikaisha. "Cherehani ninacho, kitambaa sina. Ijumaa nitamwonyesha mwalimu nini?"

"Nimkimbilie tarishi?"

"Shemeji, usimvue mtu kiatu barabarani," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa jirani yao, msichana mchoraji wa mabango. Mtaa mzima ulimwita Brashi. Alikuwa ameleta ndala zake zishonwe.

Walimweleza yote. Brashi aliuliza, "Dada, kabla hujalipa, ulielezwa habari za lebo?"

"Hata kidogo."

"Na miezi miwili?"

"Wapi! Niliambiwa nitarudishiwa, basi."

"Basi duka limekosea. Ofisi ya kulinda wateja ilituita wachoraji wa mabango, ikatueleza sheria. Bei unayolipa kaunta lazima ionekane wazi kama ile ya baada ya rejesho. Na masharti uyajue kabla ya kutoa fedha."

"Lakini yaliandikwa pale chini. Mimi ndiye sikuyaona."

"Bango ni la kusomwa na mpita njia, dada. Halitafutwi kwa tochi."

"Wataniona msumbufu."

"Kudai haki si ugomvi. Chukua risiti, twende tukaseme kwa upole."

Walipofika, Brashi alilipiga picha bango. Meneja wa duka aliwasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, kila kitu kimeandikwa."

Mama Nafuu aliinyosha risiti, akasema, "Tafadhali kaka, njoo usimame hapa nje niliposimama mimi. Unisomee masharti."

Meneja alisimama. Akakunja macho. Akasogea mbele, akasogea tena, hadi pua yake ikakaribia kugusa bango. Wapita njia walicheka. Mwishowe naye alicheka.

"Haya mama, umenishinda. Sitaki kesi na ofisi ya kulinda wateja." Akamrudishia elfu thelathini palepale kaunta. "Mambo ya rejesho tutamalizana sisi na kampuni. Ila sasa hili bango…"

"Nitakuchorea mimi," Brashi alisema. "Kwa bei moja tu, haina rejesho."

Siku hiyo hiyo Mama Nafuu alinunua kitambaa. Ijumaa mwalimu mkuu aliigeuza sare ndani nje, akavuta mishono kwa vidole. "Kazi ni yako," akasema.

Sasa Mama Nafuu akienda dukani, swali lake la kwanza ni hili: "Leo, hapa kaunta, natoa ngapi?" La pili: "Kuna masharti gani?" Wateja wake nao wameyashika maswali hayo.

Siku moja alipita pale dukani kununua vifungo. Bango jipya lilikuwa na bei mbili, zote kwa herufi kubwa sawasawa, na masharti yanayosomeka. Kijana mmoja alikuwa amesimama mbele ya bango hilo, pochi mkononi, akihesabu kwa vidole.

"Kumbe leo ni mia na ishirini," alijisemea. "Sina. Nitarudi nikizipata."

Akairudisha pochi mfukoni, fedha zake zote zikiwa ndani, akaenda zake akipiga mluzi.