Pampu ya Mkono ya Mzee Mbwana

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Anyesi alikuwa na kazi moja: kupeleka betri ya boti kwa toroli hadi mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha boti zao. Betri hiyo ilishinda uani ikichajiwa na paneli ya sola. Kwenye kidude cha kuchajia kulikuwa na taa ndogo. Ikiwaka kijani, betri imejaa. Ikiwaka nyekundu, betri haina nguvu, na Anyesi alipaswa kusema hivyo. Basi, hakuna kingine. Mtoto wa darasa la sita ashindwe na hilo?

Baba yake, Meshack, alivua samaki katika bwawa la Mtera pamoja na Mzee Mbwana, Mrangi aliyehamia huko zamani kutoka Kondoa. Anyesi alimwita babu. Boti yao ya mbao ilivuja kidogo, na kwa miaka mingi maji yalitolewa kwa pampu ya mkono. Lilikuwa bomba refu lenye mpini: unavuta, unasukuma, maji yanatemwa nje. Bingwa wake alikuwa Mzee Mbwana.

Siku moja Meshack alirudi kutoka Dodoma mjini na pampu ya umeme aliyoinunua hukohuko, mtaa wa Chang'ombe. Aliifunga chini kabisa ndani ya boti, na kando yake akaweka boya dogo. Maji yakipanda, boya linapanda nayo na kuiwasha pampu. Maji yakiisha, pampu inajizima.

"Sasa tumepumzika, mzee!" alitamba. "Hii inajiwasha yenyewe. Hilo bomba lako liache nchi kavu, linatubana bure."

Mzee Mbwana akacheka. "Haya, kijana wa kisasa! Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Hiyo yako inategemea betri. Hili langu linategemea mkono, na mkono ninatembea nao."

"Mzee nawe! Wivu huo!"

Wakacheka wote. Mzee Mbwana akalichukua bomba lake, akaenda nalo nyumbani. Hakuwa mtu wa kinyongo. Alijifunza kuunga waya za betri, na tangu hapo yeye ndiye aliyeziunga kila safari.

Sasa sikia yaliyotokea. Jumamosi moja mama yake Anyesi alikwenda mnadani, na Jenifa, rafiki wa Anyesi, akaja kumtembelea binti huyo. Asubuhi hiyo tamthilia waliyoipenda ilikuwa ikirudiwa.

"Tuunge runinga kwenye betri kidogo tu," Jenifa alimbembeleza. "Jua litaijaza tena."

Hicho kidogo kikawa saa nne nzima. Jua lenyewe likajificha mawinguni. Ilipofika saa kumi jioni, taa ilikuwa nyekundu. Anyesi aliitazama. Aliogopa kugombezwa.

Mwaloni baba yake alikuwa ameshaanza kukunja nyavu. "Anyesi, kijani?"

"Kijani, baba."

Neno moja tu! Mzee Mbwana akaipokea betri kwa mikono miwili. "Ahsante, mjukuu wangu. Mungu akukuze."

Bwawa la Mtera lina visiki vingi vya miti iliyofunikwa na maji. Jioni ile upepo uliisukuma boti juu ya kisiki, ubao wa chini ukapasuka. Pampu ikaunguruma, ikatema maji kidogo, ikanyamaza. Wakachota kwa dumu lililokatwa, lakini maji yaliwashinda. Wavuvi wengine walikuja mbio na boti zao, wakamwokoa Meshack. Mzee Mbwana hawakumwona. Alipatikana kesho yake asubuhi, akiwa ameshafariki, akazikwa siku hiyohiyo.

Anyesi alilia mpaka sauti ikakauka. Hakumwambia mtu yeyote habari za ile taa.

Siku ya tatu ya matanga, wanaume walikaa nje juu ya mikeka. Anyesi alikuwa ndani na wanawake, karibu na mlango, kando ya mjane, Bibi Mishi. Wakamsikia mvuvi mmoja, Gerson, akisema, "Pampu ilikuwa mpya kabisa. Itakuwa mzee hakuunga zile waya vizuri. Wazee na umeme wapi na wapi!" Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Meshack alitazama chini tu.

Bibi Mishi akafunika uso kwa ushungi. "Aliziunga kila siku," alinong'ona. "Leo wanamwita mjinga, na hawezi kujitetea."

Maneno hayo yalimchoma Anyesi kuliko kiboko. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Lakini angemtazamaje bibi huyu tena? Akasimama, akatoka hadi mbele ya baba yake.

"Baba, si babu aliyekosea. Taa ilikuwa nyekundu. Nilitazama tamthilia mpaka betri ikaisha, halafu nikakudanganya."

Meshack akainuka, na wengi wakadhani atampiga. Badala yake alipiga magoti mchangani, akamkumbatia mwanawe, akalia mbele ya wanaume wenzake bila kuona haya.

"Na mimi je?" alisema. "Mzee alinionya nisiache bomba lake. Nikamcheka! Tungekuwa nalo, tungefika ufukoni. Gerson, umesikia mwenyewe. Mzee hakukosea."

Gerson akaenda mlangoni, akamwomba mjane radhi kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Kisha Bibi Mishi akamwita Anyesi. Alimshika mkono.

"Sitakuficha, mjukuu wangu. Umeniumiza, na nitaumia siku nyingi," alisema. "Taa ilisema kweli, wewe ukasema uongo. Ukweli ulioutoa leo umemrudishia mume wangu heshima yake. Ungeutoa Jumamosi, ungemrudisha yeye mwenyewe. Usisahau hilo maisha yako yote."

Akaonyesha pembeni. Pale ukutani palikuwa na bomba la Mzee Mbwana, limefungwa kitambaa safi. "Kila Ijumaa alilipaka mafuta ili mpira wake wa ndani usikauke. Nilimuuliza, la nini tena? Akanijibu, 'Meshack atalihitaji.' Mpelekee baba yako."

Miezi ikapita. Meshack akaazima boti nyingine, akaifunga pampu mpya ya umeme, na bomba la mzee akalilaza kando yake. Kila jioni Anyesi alilivuta mara kumi kulijaribu kabla ya boti kuondoka. Mahali alipozoea kukaa Mzee Mbwana hapakukaa mtu.

Jioni moja ya mawingu, nyavu zikiwa tayari ndani ya boti na wanunuzi wa Dodoma wakiwa wameshaagiza samaki, baba yake aliuliza kama kawaida, "Anyesi, kijani?"

"Nyekundu, baba."

Meshack akamwekea mkono begani. "Ahsante, mwanangu. Basi leo hatuendi."

Wakazishusha nyavu nchi kavu pamoja, wakarudi nyumbani.