Milango Iliyogombana

Katika karakana ya Fundi Randa, hakuna ubao uliokatwa kimyakimya. Fundi Randa alipima, kisha akataja kipimo kwa sauti. Shemeji yake alirudia. Shemeji huyo aliitwa Msumari, kwa sababu alikuwa mrefu na mwembamba.

"Sitini na mbili."

"Sitini na mbili."

"Haya."

Hapo ndipo msumeno ulipoanza kulia. Watoto wa jirani waliwaigiza wakicheza. Hata chai ilimiminwa hivyo hivyo.

"Sukari vijiko viwili."

"Viwili. Na meno yako yakioza, usinililie."

Fundi Randa alikuwa amemwoa dada yake Msumari. Mashemeji hao walipatana katika kila jambo isipokuwa ubatizo. Kanisa la Fundi Randa lilibatiza watoto wachanga. Kanisa la Msumari lilibatiza watu wazima tu, tena kwa kuwazamisha majini mwili mzima. Zamani walibishana huku wakipiga msasa. Walicheka, wakaendelea na kazi.

Kisha wote wawili wakajiunga na kundi la mtandaoni. Kundi liliitwa Tujadili Imani. Lilikuwa na watu wengi ambao hawajawahi kuonana. Humo, ubishi wao ukapata watazamaji, nao ukaanza kuwa mkali.

Mchana mmoja walikaa kupumzika kwenye benchi moja, kila mtu na simu yake. Msumari aliandika kundini: "Mtoto mchanga hajui lolote. Kumbatiza ni kumlowesha tu."

Fundi Randa alikasirika. Watoto wake wote walibatizwa wakiwa wachanga. Mtu mwingine akaandika: "Leo Randa amekwama." Hapo Fundi Randa hakufikiri tena. Vidole vyake viliandika: "Wewe hata shule ya msingi hukumaliza. Kichwa gogo kama hicho kitanifundisha mimi Biblia?"

Vicheko vikamiminika kundini. Fundi Randa akatabasamu, akainua uso.

Msumari alikuwa ameiweka simu chini. Alichukua msasa, akaanza kusugua ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Jioni, mke wa Fundi Randa aliweka chakula mezani. Hakukaa.

"Mume wangu, unajua kwa nini kaka yangu aliacha shule?"

"Najua."

"Sema basi."

Fundi Randa alitazama sahani yake. "Baba yenu aliugua. Mmoja ilibidi aache shule afanye kazi. Kaka yako akaacha, wewe ukaendelea."

"Basi leo umewachekesha watu kwa jambo alilonitendea mimi," mkewe alisema. "Na bando ulilotumia kumtukana nimekununulia mimi. Amenipigia simu. Anasema akimaliza kabati la bi harusi, atachukua vifaa vyake atafute karakana nyingine."

"Yeye ndiye aliyeanza kudharau ubatizo wa watoto."

"Alidharau ubatizo. Wewe umemdharau yeye. Kula, chakula kinapoa."

Fundi Randa alikula, lakini chakula hakikuwa na ladha. Karakana bila Msumari ingekuwaje? Nani angerudia vipimo?

Siku zilizofuata, karakana ilikuwa kimya. Bi harusi alikuwa ameagiza kabati la nguo. Kama kawaida, Fundi Randa alitengeneza mwili wa kabati, na Msumari akatengeneza milango miwili. Katikati ya kazi, bi harusi alipita. Alisema chumba chao ni kidogo, basi kabati lipunguzwe upana. Msumari hakuwapo, alikuwa amekwenda kununua gundi. Fundi Randa akapunguza upana. Hakutaja, kwa kuwa hawakuwa wakisemeshana. Msumari naye hakuuliza, kwa sababu hiyo hiyo.

Asubuhi ya kukabidhi kabati, walipachika milango, wakajaribu kuifunga. Mlango wa kwanza ukakaa vizuri. Wa pili ukampanda mwenzake. Wakafungua, wakajaribu kuanza na ule mwingine. Nao ukapanda.

Wakati huo aliingia Mwalimu, jirani yao. Aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa Tujadili Imani. Alikuja kuchukua kiti chake walichomtengenezea mguu. Alilitazama kabati kwa muda.

"Hata milango imegombana?" aliuliza.

Msumari alijaribu kujizuia. Kicheko kikamtoka puani. Fundi Randa naye akacheka kidogo, kisha akainama.

"Mwalimu, kosa ni langu," alisema. "Nilibadilisha kipimo bila kutaja."

"Nami nilikata bila kuuliza," Msumari alisema, akiitazama milango.

Mwalimu alikaa juu ya kiti chake kilichopona. "Mtaa mzima unajua sheria yenu. Hamkati kabla kipimo hakijarudiwa. Sasa niambie, Fundi. Kule kundini, umewahi kurudia hoja ya shemeji yako kabla ya kuikata?"

"Kule? Sijawahi," Fundi Randa alisema.

"Jaribu sasa. Yeye anasema nini kuhusu ubatizo?"

"Anasema ubatizo wa watoto ni upuuzi."

"Sijasema hivyo," Msumari alisema. "Nasema mtu aamini kwanza, achague mwenyewe, ndipo abatizwe."

"Rudia, Fundi," Mwalimu alisema.

"Anasema mtu aamini kwanza, achague mwenyewe, ndipo abatizwe."

"Hivyo hasa," Msumari alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama shemeji yake usoni tangu siku ile.

"Haya, Msumari. Naye anasema nini?"

Msumari alikuna kichwa kwa penseli. "Anasema Mungu humpenda mtoto kabla mtoto hajafanya lolote. Kwa hiyo wazazi wanamleta. Baadaye akikua, ataamini mwenyewe."

"Hivyo hasa," Fundi Randa alisema taratibu.

"Bado hamkubaliani," Mwalimu alisema, "na si lazima mkubaliane leo. Piga hoja kadiri uwezavyo, lakini mwache mtu. Shule yake, sura yake na ukoo wake si hoja. Ukiona hasira inapanda, weka simu chini ufanye kazi nyingine. Maneno yale andika baadaye, kama bado unayataka. Na jiulize, ningeweza kumwambia haya usoni?"

"Nisingeweza," Fundi Randa alisema. Akamgeukia Msumari. "Shemeji, nisamehe. Mke wangu alisoma kwa sababu yako. Nilijua, na bado niliandika."

Msumari aliweka penseli chini. "Nami niliandika vibaya. Wale ni wapwa zangu. Sikupaswa kusema walilowa tu."

"Vizuri," Mwalimu alisema akiinuka na kiti chake. "Lakini Fundi, ulimtukana mbele ya watu. Radhi nayo iende mbele ya watu."

Fundi Randa alitoa simu. Alifuta ule ujumbe wa matusi. Kisha aliandika polepole, huku akisoma kwa sauti: "Nilimtukana shemeji yangu hapa. Nilikosa. Aliacha shule ili dada yake asome. Ninaomba radhi kwake na kwenu. Kuhusu ubatizo, bado simkubalii."

Simu ya Msumari ikalia mfukoni. Alisoma, akaandika: "Nimekusamehe. Nami bado sikukubalii. Njoo tupunguze milango, bi harusi yuko njiani."

Wakacheka wote watatu. Kundini, yule aliyeandika kwamba Randa amekwama aliweka alama ya moyo.

Bi harusi alipofika, milango ilifungwa bila hata kulia. Hakuna aliyemwambia ilikuwa imegombana.

Vifaa vya Msumari havikuhama. Kesho yake majirani walisikia tena sauti mbili.

"Arubaini na tano."

"Arubaini na tano. Lakini shemeji, yale maji ya kanisani kwenu, kikombe kimoja kweli kinatosha?"

"Unauliza kama kikombe kimoja kinatosha."

"Hivyo hasa."

"Kata ubao kwanza," Fundi Randa alisema. "Jibu langu ni refu."