Tundu la Saba

Asubuhi hiyo kiwanda cha Hasani kilinuka nywele zilizolowa, na Kondoa haikuwa imeona mvua tangu Aprili. Hasani, mhunzi asiyemwogopa hata Mdachi wa boma, akasema ni panya kafia darini. Panya! Mtu mbishi yule, acha tu.

Juu ya fuawe ulilala upanga wa Msafiri, mpagazi. Alipewa upanga huo huko Dodoma, kwenye kambi ya reli, na kibarua Mdayaki, mtu wa visiwa vya mbali mashariki, aliyekuwa akifa kwa homa. Mpini wa pembe ulichongwa kinywa kilichoachama. Kwenye bapa kulikuwa na matundu saba, sita yamezibwa kwa shaba. Msafiri alitaka mpini ukazwe tu. Lakini kazi ya Hasani haitoki na tundu. Jana yake alikuwa ameliziba la saba.

Adhuhuri Msafiri alirudi, akauona, akakaa chini.

"Nani kaliziba hili, Hasani?"

"Mimi. Ningeliacha wazi watu wanicheke?"

"Kambini wengine walisema ni urembo, wengine nyota. Mwenyewe aliniambia kila tundu lililozibwa ni kichwa cha mtu kilichokatwa." Akanong'ona. "Umekiambia kilichomo humo kwamba cha saba kipo. Kitakuja kukichukua."

Papo hapo Mwanne, mke wa Hasani, akapiga yowe ndani ya nyumba. Mstari mwekundu ulikuwa ukimzunguka shingo Swaumu, binti yao wa pekee. Unatembea jamani, unatembea kama siafu.

Hasani akashika tindo akaigonga ile shaba, akagonga, tindo likavunjika na shaba isitoke, harufu ya nywele ikajaa hadi kooni, mivukuto ikaanza kuvuvia yenyewe bila mkono wa mtu, na huko ndani mtoto akikoroma, mstari umebakiza upana wa kidole ukutane, hata mkaidi yule akatupa nyundo, akaupigia magoti upanga akilia, "Aliyeziba ni mimi! Kichwa ni changu, mwache mwanangu!"

Mivukuto ikatulia. Swaumu akaomba maji.

Tangu hapo Hasani alijifunga kitambaa shingoni, akikifungua alfajiri tu, mbele ya mkewe. Siku ya arobaini akauliza:

"Mwanne, mstari umefika wapi?"

"Jana ulikuwa chini ya sikio," Mwanne akasema, machozi yanamtoka. "Leo sioni mwanzo wake wala mwisho."