Maiti Katika Gari Lisilo na Injini

Ilyasi alifungua kamba ya mwisho, akavuta turubai, kisha akaruka kutoka juu ya lori akipiga kelele. "Inna lillahi! Kuna mutu humu!"

Gari lile alikuwa amelisubiri tangu Ramadhani. Lilikuwa gari la kuunga, aina ile inayouzwa vipande vipande ili mnunuzi ajiungie mwenyewe. Mzungu aliyelianza Dar es Salaam alichoka, akaliuza lilivyo: bodi ya faiba juu ya fremu, basi. Injini hamna, viti hamna, vioo hamna. Ilyasi, fundi wa mtaa wa Buyenzi, alitaka kulimalizia. Sasa limevuka mpaka wa Kobero, limepita Muyinga na Kayanza, limemfikia kwenye ghala la Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, likiwa na maiti sakafuni.

Inspekta Gélase alifika akitokwa jasho. Miaka ile ya vita maiti ziliokotwa Bujumbura kila asubuhi, na nyingi hazikuitiwa mpelelezi. Lakini hii ilimtisha. Haikuwa na tundu hata moja la risasi.

Alikunja mikono ya shati, akainama ndani ya bodi hadi mabegani. Marehemu alikuwa mwanamume wa makamo, kalamu mfukoni. Machoni mlikuwa na vidoa vyekundu. Mdomo ulikuwa umechanika kwa ndani, pale ulipogandamizwa kwenye meno, na shavuni mlibaki alama za vidole.

"Amezibwa pumzi," alisema.

Luteni wa doria hakutaka hata kuchungulia. "Dereva wa lori ni wa hapa mjini, maiti ni ya huko juu milimani. Mimi yananitosha hayo. Jua likizama, namchukua dereva."

Loo! Neno hilo, kuchukua, kila mtu mjini alilielewa. Waliopandishwa jeep ya doria hawakuwa wakirudi. Nje ya lango Fadhila, mke wa dereva, alikuwa ameketi vumbini, ameuma pindo la kitenge, haondoi macho kwenye jeep.

Dereva mwenyewe, Amissi, alihojiwa katika ofisi ndogo ya ghala.

"Ulimpakia wapi?"

"Mi sikupakia mutu, chef."

"Amissi."

"Wallahi, chef..."

"Usiape. Kati yako na ile jeep nimebaki mimi tu. Sema."

Amissi aliutazama mlango. "Kayanza, chef. Ni Adrien, mwalimu. Waasi walikuwa wanamutafuta, alinililia sana. Convoi ya malori na askari haikubali abiria. Nikamuambia aingie mu ile gari, nikafunga turubai."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake. Kisha mi nilienda kunywa chai, tunangoja askari wa kutusindikiza."

"Ndani ya bodi uliingia?"

"Apana. Nilisimama inje, nikafunga kamba tu."

Gélase alikuwa akijikuna. Tangu alipoinama mle garini, mikono yake ilikuwa ikiwaka kama aliyepita kwenye upupu. Aliitazama ikiwa myekundu hadi viwikoni, akaitazama ya Amissi, iliyokuwa wazi hadi begani. Haikuwa na kipele hata kimoja.

Faiba ile haikuwa imepigwa rangi kwa ndani. Yeyote aliyeingia humo alitoka na nyuzi za kioo ndani ya ngozi. Kwa hiyo Amissi alisema kweli, hakuingia. Ila mtu mwingine aliingia, na jua lilikuwa linateremka kuelekea milima ya Kongo.

Mlango ukabishwa. Aliingia kijana mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni, na joto lile jamani!

"Naitwa Hugues. Nimekuja kuchukua mwili ya muramu wangu, bwana ya dada yangu Dative. Adrien."

"Pole sana. Nani alikuambia amekufa?"

"Watu... pale ku lango."

"Pale langoni hakuna anayejua jina lake. Mimi mwenyewe nimelijua sasa hivi."

 Mkono wa kijana ulipanda shingoni, ukakuna.

"Ulifika lini Bujumbura?"

"Jana. Na minibus."

"Na hiyo shingo?"

"Mbu, chef."

Gélase aliweka mikono yake mezani. "Mbu hao wameniuma mimi pia. Wanaishi ndani ya lile gari. Vua shati."

Hugues hakuvua. Aliketi sakafuni.

"Nilipenya chini ya turubai wakati dereva anakunywa chai," alisema. "Adrien aliniita. Dereva hangekubali watu wawili, na waasi walikuwa wanatafuta mu nyumba yote. Tukalala tumefinyana. Ile vumbi ya faiba ikamujaa Adrien mu kifua."

"Endelea."

"Tulipofika Bugarama magari yote ikasimama. Mi sioni kitu, giza tupu chini ya turubai. Nikasikia mapanga. Watu wengi wanakimbia, wanapiga kelele. Mumoja akapanda juu ya lori yetu, akashika turubai, hapa, karibu na kichwa yangu. Adrien akaanza kukohoa."

 Gélase alijikuta amezuia pumzi.

"Nikamuziba mudomo. Akanipiga mateke, nikalala juu yake. Nilisema kidogo tu, waondoke. Yule mutu akashuka. Gari ikatembea. Nikamuambia, Adrien, wameenda. Nikamuambia tena. Mbele ya bariyeri ya askari ya kuingia mujini, lori zikapanga mustari, nikatoka, nikakimbia. Lakini ningemuachia nani aje kumuchukua?"

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Ugomvi! Ye ndiye alinisomesha, chef. Niliogopa. Niliogopa kufa, basi."

Gélase alimwamini, na kumwamini kulimuumiza. Lakini shambulio Bugarama lazima liandikwe, na dereva hakulitaja. Alimwita Amissi.

"Mbona hukuniambia mlivamiwa Bugarama?"

"Kuvamiwa? Na nani?" Amissi alishangaa. "Lori ya makaa ilikwama mu matope. Tulikata matawi na mapanga, tukaweka chini ya magurudumu. Kamba nilitoa ku lori yangu, nilipanda mi mwenyewe."

Hugues aliinua kichwa polepole.

"Ni we ulishika turubai?"

"Ni mi."

"Mbona haukusema kitu?" Kijana alipiga ukelele. "Neno moja tu! Mbona haukusema ni we?"

Amissi alimtazama, akamtazama inspekta, na machozi yakaanza kumtoka. "Askari walikuwa karibu. Niliogopa watasikia."

 Gélase alitoka nje, akamwambia luteni kwamba dereva hana hatia ya mauaji na muuaji amekwisha kukiri.

"Basi nipe huyo muuaji," alisema luteni.

"Huyu ni wa mahakama. Nampeleka mwenyewe."

Luteni alitema mate, jeep ikaondoka. Fadhila aliinuka mbio kumkimbilia mumewe, akamshika uso kwa mikono miwili, akilia na kucheka.

Gélase alirudi ofisini na pingu. Hugues alinyoosha mikono bila kuambiwa.

"Chef, Dative anafika kesho," alisema. "Ataniuliza ni nani walitushambulia."

Inspekta alifunga pingu.